Kompyuta ya Watu Watatu

Bejaia, 12 Novemba 2016

Kaka Ghilas,

Nianze na msiba: kompyuta yako imekufa. Jumanne radi ilipiga, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na nyuma ya kasha ukatoka moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua. Bibi Tawus alikuwa anaongoza mbili bila kwenye mchezo wake wa mpira. Alikaa na mausi mkononi robo saa nzima, kisha akasema, "Refa kazima taa." Tangu siku ile hana raha. Anauliza kila asubuhi kama mechi imeahirishwa au imefutwa.

Nakuandikia kwa sababu zile dakika tatu za simu ya kambi ya jeshi Mama huzimaliza zote kukuuliza umekula nini.

Nina dinari elfu hamsini. Ni za kufundisha hesabu watoto wa Bi Wezna, pamoja na zawadi zangu za sikukuu ambazo sikuzila. Bibi huzihesabu kwa senti kama watu wa sokoni, kwa hiyo anawatangazia majirani kwamba mjukuu wake ana milioni tano. Mmoja ameshaanza kumsifia Mama mwanawe wa kiume.

Mahitaji ni matatu. Mimi nina mtihani wa mwisho Juni, na nikifaulu nataka kusomea uhandisi wa majengo, kwa hiyo lazima iweze kuchora. Wewe ukirudi Septemba utataka kurekodi mandoli yako na zile nyimbo za kina bibi. Na Bibi anataka mpira wake. Kompyuta moja, watu watatu. Nipangie, maana wewe ndiye fundi na mimi ndiye mwenye miguu ya kwenda dukani.

Mandoli iko ukutani palepale. Naipangusa vumbi, nyuzi sizigusi.

Mdogo wako,
Silya


Kambini, kusini, 3 Desemba 2016

Silya mwenye milioni tano,

Mpe Bibi pole. Mwambie mechi imeahirishwa tu.

Usinunue kipya. Nenda dukani kwa Mokrane, useme nimekutuma mimi. Mtake mashine ya ofisini iliyotumika: benki na makampuni yakibadilisha kompyuta huziuza kwa mkupuo, na zile zimeundwa kudumu. Taka prosesa ya i5, kizazi cha tatu au cha nne. Akikuonyesha kasha lenye taa za rangi, mwambie harusi bado. Afungue ubavu mbele ya macho yako. Kwenye ubao mkuu kuna vipipa vidogo vimesimama. Kimoja kikiwa na kitambi kama cha Mjomba Arezki, kataa, uondoke. RAM gigabaiti nane. Kisha diski ya SSD, hata ndogo ya gigabaiti mia na ishirini, ili iwake upesi. Diski yangu ya zamani Mokrane aijaribu, labda ilipona.

Kadi ya picha ingoje. Bibi acheze kwanza bila majani ya uwanja.

Ila fungu moja usiliguse hata nyumba ikiwaka moto: elfu kumi na tano za kadi ya sauti, ile ya nje yenye matundu mawili, moja la maikrofoni na moja la mandoli. Hapa naendesha lori la maji, saa tano kwenda na saa tano kurudi, hakuna cha kutazama. Basi napanga nyimbo kichwani. Mandoli naiketisha kushoto, dufu la bendiri kulia, Bibi katikati, kama watu walioketi chumbani nawe umeketi kati yao. Nimeshapanga saba. Nikirudi ni kuzitoa kichwani tu.

Kaka yako,
Ghilas


Bejaia, 28 Desemba 2016

Kaka,

Imepatikana! Nilikwenda na Bibi, ingawa sikumwalika.

Mokrane alitoa kasha jeusi lenye vumbi, akasema, "Hii ilikuwa ya benki. Haijawahi kuona kitu ila hesabu."

Bibi akamjibu, "Ndiyo maana inaonekana imechoka. Punguza."

"Bibi, hata bei hujaisikia."

"Naiona usoni mwako. Punguza."

Alipofungua ubavu, Bibi akavaa miwani, akaingiza kichwa humo ndani, akauliza, "Vitambi viko wapi?" Mokrane alicheka mpaka akaketi. "Kitambi humu dukani ni changu tu, Bibi." Tulitoka na mashine, RAM, SSD na skrini ya inchi kumi na tisa yenye mkwaruzo pembeni, yote kwa elfu thelathini na tano. Diski yako ilipona. Nyimbo zako zote zimo.

Bila kadi ya picha wachezaji hawana nyuso. Mahali pa uso pana ngozi tupu. Bibi anasema si neno, anawajua kwa miguu.

Zimebaki elfu kumi na tano, sijazigusa. Mokrane ana kadi mbili za sauti: moja karibu mpya, nyingine ya zamani iliyokuwa ya mwimbaji wa harusi, nzito kama tofali. Nichukue ipi? Ataniwekea mpaka Januari ishirini. Jibu upesi.

Silya


Kambini, 29 Januari 2017

Silya,

Samahani nimechelewa. Kadi ya sauti usinunue. Hizo fedha nunua kadi ya picha, Bibi aone nyuso, nawe uchore majengo yako bila kukwama. Zisipotosha, uza mandoli. Kule karibu na ukumbi wa harusi utampata mnunuzi.

Mambo yamebadilika kidogo. Usimsumbue Mama nayo.

Ghilas


Bejaia, 12 Februari 2017

Ghilas,

Leo sikuiti kaka.

Mistari sita. Desemba uliniandikia nyumba ikiwaka moto nisiguse fungu la muziki, Januari unaniambia niuze mandoli kama mtu anayeuza viatu vilivyombana. Ile ni mandoli uliyoinunua kwa kuvuna zeituni za watu miaka miwili mfululizo. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuletea chakula shambani, nakumbuka mikono yako ilivyokuwa.

Mama anasema ulimwambia kwenye simu umehamishiwa stoo, kazi nyepesi, kuna kivuli. Mtu anayehesabu siku za kurudi kwao hasifii kivuli. Nimeelewa. Unataka kutia saini ubaki jeshini moja kwa moja. Sema tu. Usinizungushe kwa habari za kadi ya picha.

Silya


Kambini, 4 Machi 2017

Silya,

Nikibaki nitakuwa wa kwanza? Wenzangu wengi wanatia saini. Mshahara ni mshahara, na wewe chuo kitakutaka nauli na vitabu. Muziki haujawahi kumlipia mtu kodi mtaani kwetu.

Uza mandoli. Na tafadhali usiniandikie tena habari za nyimbo.

Soma. Mtihani uko karibu.

Ghilas


Bejaia, 30 Machi 2017

Kaka,

Nimeuza. Elfu kumi na nane, kwa kijana wa mtaa wa juu. Nikanunua kadi ya picha. Wachezaji sasa wana nyuso, na Bibi hawapendi. Anasema golikipa wake ana macho ya mtu mwenye madeni.

Rafiki yako Bualem amepita hapa akirudi kambini kutoka likizo. Mama alimpakulia kuskusi ya maharage mabichi, akala sahani mbili, akaeleza habari za kambi nzima mpaka za mpishi na paka wa mpishi. Tulipomuuliza kuhusu wewe akasema, "Hajambo," akaomba maji. Nimeona ajabu, kwa mtu msemaji vile.

Nimempa mzigo wako: tini kavu, chupa ya mafuta ya zeituni, na kile kicheza muziki changu kidogo pamoja na spika zake za masikioni. Umesema nisikuandikie habari za nyimbo, basi siandiki. Humo ndani mna wimbo mmoja. Ni Bibi, ule wimbo wake wa kutwanga. Nimeurekodi mwenyewe, usiniulize vipi.

Usikilize wote, mpaka mwisho. Kisha uniandikie ulichosikia. Hilo tu nakuomba, nami sitakusumbua tena.

Silya


Kambini, 19 Aprili 2017

Mdogo wangu,

Tini zimekwisha siku ileile, kosa la Bualem.

Wimbo nimeusikiliza. Nilikuwa nimeapa kwamba sitausikiliza, nikausikiliza mara kumi. Sauti ya Bibi imetoka safi, hata pale anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa tatu. Umeiweka maikrofoni mahali pazuri, karibu bila kumkaba. Sijui ulipata wapi kifaa, sikuulizi.

Umefanya vyema kumwacha aimbe peke yake. Ingawa kusema kweli wimbo mtupu hivi unachosha kidogo kuelekea mwisho. Ungemwekea hata bendiri ya kumsindikiza, au mtu apige makofi tu. Siku nyingine ujaribu.

Mbusu mkono kwa niaba yangu.

Ghilas


Bejaia, 5 Mei 2017

Kaka,

Nilipoisoma barua yako nilidhani wimbo umeharibika njiani. Nikaufungua kwenye kompyuta, mzima. Nikaupeleka kwa Mokrane, akausikiliza kwa hedifoni zake kubwa, akasema ni mzima. Nikampa barua yako asome. Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

Akasema, "Upande mmoja haumfikii. Ama waya wa spika moja umekufa, ama si waya." Mambo mengine hakutaka kusema. Akaniambia nikuandikie hivi, kama fundi kwa fundi:

Chukua ile spika ya kushoto, uitie sikio la kulia. Usikilize tena.

Kisha uniambie kweli.

Silya


Kambini, 18 Juni 2017

Silya,

Nimengoja mtihani wako upite ndipo nikaandika. Usinilaumu kwa hilo, nilaumu kwa mengine.

Barua yako ilikaa ndani ya buti langu siku nne. Siku ya tano nikaingia stoo, nikaketi kati ya maboksi ya sabuni, nikaitia spika ya kushoto sikio la kulia.

Nikaisikia mandoli.

Unaipiga kama mtu anayegonga mlango wa jirani kuomba chumvi. Noti nne tu, na ya tatu si yenyewe. Ni mandoli yangu, ile sauti ya mbao naijua, ningeijua hata kaburini. Nikaisikiliza mpaka betri ikaisha. Ndipo nikajua kwamba katika nyumba yetu mwongo si mimi peke yangu.

Sasa zamu yangu. Januari kumi na moja nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu la lori, najaza upepo, tairi likapasuka. Uso ulipona, mkono ulipona. Sikio la kushoto lilipiga filimbi siku tatu, kisha likanyamaza. Daktari hospitalini alinipima kwa mashine, akasema la kulia ni zima, la kushoto halitarudi. Ndiyo maana nimehamishiwa stoo. Kutia saini sijatia. Wewe ulilisema, nikaona ni uongo mzuri kuliko ukweli wangu, nikauvaa.

Bualem nilimwapisha asiseme.

Najua utaniambia kuna kitufe cha kuzileta pande zote mbili pamoja. Kitufe hicho nilikufundisha mimi. Lakini kupanga muziki si kitufe, Silya. Ni kujua nani ameketi wapi. Nikipanga kitu, nitajuaje kama upande ule umezidi au umepwaya? Nitawauliza watu kila dakika, kama kipofu anayeuliza rangi ya shati lake? Namsikia Bibi, au naisikia mandoli. Kuwasikia wameketi pamoja, kila mmoja mahali pake, ndicho kitu nilichokipoteza, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri.

Usimwambie Mama.

Ghilas


Bejaia, 19 Julai 2017

Kaka yangu,

Nimefaulu. Nakwenda Aljeri, uhandisi wa majengo. Nalitanguliza hili ili upate nguvu ya kusoma mengine.

Mandoli sikuuza, na kadi ya picha sikununua. Ile habari ya golikipa mwenye macho ya madeni niliibuni. Fedha zilinunua kadi ya sauti ya yule mwimbaji wa harusi, ile tofali. Mandoli nilijifunza mwenyewe, jioni, vidole vikatoka malengelenge. Sikujua jinsi ya kuwaketisha watu. Maikrofoni ilienda upande mmoja, mandoli upande wa pili, nikaacha vilevile. Nilitaka uisikie ghafla, ujue iko nyumbani inakungoja, uone haya, urudi. Sikujua nakutega.

Kuhusu Mama: nilijaribu kunyamaza. Nikiwa naosha vyombo akaniuliza, "Sikio lake vipi?" Sahani ilinitoka mkononi. Amejua tangu Februari. Anasema kila ukipiga simu unaanza na "Haloo," kisha unasema, "Ngoja, Mama," kisha ndipo unasikia. Kila mara. Mkono wako umezoea kushoto na haujajifunza. Alikuwa akingoja umwambie mwenyewe. Zile dakika tatu zote za kukuuliza umekula nini, alikuwa anakupa nafasi.

Kwa hiyo mpigie. Na uanze na lile la kulia.

Bibi tumemwambia pia. Alilia kidogo, kisha akauliza kama macho ni mazima, maana anahitaji mtu wa kucheza naye mimi nikiondoka.

Mdogo wako,
Silya


Bejaia, 6 Novemba 2017

Silya,

Wino huu ni wa kalamu yako uliyoisahau, na mwandiko huu unaoyumba ni wa meza yako. Mama anauliza umekula nini. Nimemwambia nitauliza, nimeshauliza.

Nimemaliza wiki saba nyumbani. Tatu za kwanza sikuigusa kompyuta ila kumwashia Bibi mpira wake. Nilikuwa naketi kushoto kwake ili sikio zima liwe upande wake, naye ananitukania mabeki. Mandoli ilikaa ukutani. Nilikuwa nikipita naangalia pengine.

Wiki ya nne akazima mchezo mwenyewe, katikati ya kipindi. Akasema, "Ghilas, mimi nina miaka themanini na moja. Sina muda wa kungoja sikio liote. Washa hilo tofali." Akaketi akaimba wimbo wa kutwanga mwanzo hadi mwisho, kisha akakunja mikono akaniangalia. Ikabidi niipige mandoli. Haikulihitaji sikio langu; vidole vilikuwa vinakumbuka vyote.

Kuipanga ndiko kulinitesa siku kumi na mbili. Nililia siku ya pili, nakuambia wewe tu. Niliweka kila kitu katikati kwanza, nikapima uzito wa kila sauti kwa sikio moja, mpaka hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kazi hiyo naiweza, nimegundua naiweza vizuri kuliko zamani, kwa sababu sina pa kumfichia mtu. Kisha ndipo nikaanza kuwasogeza, huku natazama mistari ya kijani kwenye skrini. Nilipomaliza nikampeleka Mama kwenye kiti, nikamvalisha hedifoni. Nikamuuliza, "Bendiri iko wapi?"

Akainua mkono wa kulia.

"Mandoli?"

Akanyoosha wa kushoto, polepole, mbali kabisa, kama anayeonyesha kijiji ng'ambo ya bonde. "Mbona umeitupa huko?" akasema. "Ilete karibu na Bibi yako."

Nikaileta. Akavua hedifoni, akaniwekea mimi, ingawa alijua sitazisikia zote. Kisha akaenda kuangalia sufuria.

Mokrane anaupiga dukani tangu Jumamosi. Yule mwimbaji wa harusi, mwenye tofali, aliusikia, akaja kuniuliza kama nitampangia nyimbo zake nne. Nilimweleza habari ya sikio kabla hajaketi. Akakuna kichwa, akasema mpiga ngoma wake hana masikio yote mawili na bado anamlipa. Tunaanza Jumatatu ijayo.

Lakini nina shida, na wewe ndiye ninayekutaka. Tangu juzi kuna kitu kinakwaruza chumbani. Labda ni feni ya kasha, labda ni ya prosesa, labda hata si kompyuta, ni friji. Nakisikia wazi, ila sijui kinatoka wapi. Kwangu mimi sasa sauti zote hutoka mahali pamoja. Nilizunguka chumba nimeinama kama kuku anayetafuta punje, Bibi akacheka mpaka akakohoa. Mama anaapa ni friji. Bibi anasema hajui, anachojua ni kwamba anafungwa.

Ningekuwa yule wa Januari, ningenyamaza nikabadilisha feni zote mbili.

Usilale bwenini Alhamisi hii. Panda basi la saa nane, uje usikilize, unionyeshe kwa kidole.

Kaka yako,
Ghilas